Masharti ya Kubeba Wageni

Orodha ya masharti nilipewa kwenye karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, na kwa siku tatu sikusoma kitu kingine. Mke wangu alisema hata barua zake za uchumba sikuwahi kuzisoma kwa makini hivyo. Ni kweli. Barua zake nilizielewa mara moja, lakini karatasi hizi kila nilipozirudia zilinizidishia maswali.

Nimeendesha gari la watalii pwani ya kusini kwa miaka mingi. Ni gari la viti vinane, na paa lake hufunguka ili wageni wasimame waone ndovu kule Shimba. Nawachukua hotelini Diani, nawapeleka Shimoni wapande mashua, au nawafikisha pwani wavushwe kwenda kisiwa cha Chale, kisha jioni nawarudisha wakiwa wekundu kwa jua. Miaka yote hiyo nilikuwa chini ya kampuni ya bwana mmoja. Gari lilikuwa lake, leseni ya kubebea watalii ilikuwa yake, na kazi yangu ilikuwa usukani. Alipoamua kurudi kwao bara kupumzika, aliniuzia gari, nami nikajiona nimekuwa mtu.

Nilichosahau ni kwamba leseni haiuzwi. Msimamizi wa usafiri katika hoteli niliyokuwa nikiihudumia aliniita ofisini, akanikalisha, akaniagizia chai kabisa. Nikajua hakuna jema. Aliniambia nina hadi mwisho wa mwezi kumletea leseni yangu mwenyewe, na baada ya hapo askari wa lango hatanifungulia tena, wageni watapewa mwenye karatasi. Nina watoto wawili sekondari na sijui kazi nyingine. Chai ile niliinywa lakini siwezi kusema ilikuwa na sukari au haikuwa nayo.

Basi ndipo zikaja zile karatasi mbili kutoka ofisi ya leseni. Kampuni iliyosajiliwa, hata kama mkurugenzi, dereva na mwosha gari ni mtu mmoja. Bima inayomtambua abiria wa kitalii. Cheti cha tabia njema, ambacho hupatikana kwa kuchovya vidole vyote kumi kwenye wino. Cheti cha daktari. Mikanda katika kila kiti. Mtungi wa kuzimia moto. Zile pembetatu nyekundu tuziitazo laifseva. Sanduku la huduma ya kwanza. Na cheti cha dereva kuonyesha amefunzwa kulitumia.

"Umeomba leseni au umeposa?" mke wangu aliuliza nilipomsomea. "Mbona hata baba yangu hakukuchunguza hivi?"

Mimi ni mtu wa maswali. Nimezaliwa hivyo, na wengi wamenichoka. Mtu akiniambia kitu ni lazima, sipati usingizi mpaka nijue nani alianza kukiona ni lazima na alikuwa amepatwa na nini. Nilimuuliza kijana wa dirishani katika ofisi ya leseni kwa nini mtungi wa moto ukae karibu na dereva na si nyuma ambako kuna nafasi. Akaniambia, "Mzee, hayo ndiyo masharti. Wewe jaza fomu, tuma kwa mtandao, ngoja meseji." Nikamuuliza kwa nini laifseva ziwe mbili, moja haitoshi? Akatazama foleni nyuma yangu kama mtu anayeomba msaada.

Kwa kuwa hakunijibu, nilijijibu mwenyewe njiani. Niliwaza kwamba kila sharti lina mtu nyuma yake. Mahali fulani, gari fulani lilishika moto na mtungi ulikuwa nyuma chini ya mabegi. Mahali pengine lori liligonga gari lililoharibika njiani kwa sababu lilitokea upande usio na alama. Hakuna aliyeketi akabuni mambo haya kwa raha zake. Nilipoiona orodha kwa jicho hilo, niliacha kuinung'unikia, nikaanza kuitimiza sharti baada ya sharti.

Hayo mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika Ukunda, siku mbili, ndani ya ukumbi wenye feni moja. Tulikuwa mchanganyiko: wahudumu wa hoteli, madereva, mabaharia wa mashua za wageni. Mwalimu alikuwa muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kutuliza. Tulilibonyeza kifua sanamu la plastiki kwa zamu, tukafungana bendeji vichwani mpaka tukacheka. Nilimuuliza maswali mengi hadi wenzangu wakaomba niruhusiwe kutoka nje ili wao wanywe chai. Lakini nilielewa kila kitu, na cheti nikakipata.

Sasa nieleze habari ya sanduku, maana ndilo lililoleta kisa chote.

Gari nililinunua pamoja na sanduku lake, jeupe, lenye msalaba ubavuni, likikaa chini ya kiti cha dereva. Kwa miaka yote niliyobeba wageni, hakuna mgeni hata mmoja aliyelihitaji. Wazungu husafiri na dawa zao. Mtu akijikwaruza kidogo hutoa mfukoni vitu ambavyo hata duka la dawa la Msambweni halina. Lakini mtaa wetu ulijua kwamba gari lile lina sanduku, na kwamba jioni gari hulala kwangu. Tunakaa karibu na bahari, na wanawake wengi wa hapo hutafuta pweza miambani maji yakikupwa. Hurudi na nyayo zilizochanwa na matumbawe, au na miiba myeusi ya baharini imekatikia ndani. Mwenye bodaboda akianguka, alikuja kwangu. Mtoto akiungua kwa mafuta ya mahamri, aliletwa kwangu. Walikuwa wakifungua mlango wa gari wenyewe, wanaketi kwenye kile kidaraja cha kupandia, wananyoosha mguu, wanangoja.

Aliyewahudumia ni mke wangu. Mimi damu siipendi. Yeye ni mtu wa Vanga, amelelewa mbali na hospitali, na mkono wake ni mwepesi. Sikuwahi kuuliza ndani ya sanduku mna nini. Ajabu ni hiyo, mtu wa maswali kama mimi.

Siku ya ukaguzi niliamka alfajiri, nikaosha gari mpaka matairi yakang'aa. Nilivuta kila mkanda, nikautikisa mtungi, nikahesabu laifseva. Sanduku nililiinua tu kwa mkono. Lilikuwa zito, na uzito ule ukanitosheleza. Nikavuka kwa feri ya Likoni, nikafika uwanja wa ukaguzi, nikapanga foleni.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara, mwenye buti za kazi na kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa makini lakini hakuwa mkali. Alipita kila kitu, akatia alama, mpaka alipofikia sanduku. Akaliweka juu ya boneti akalifungua.

"Mzee, hii sanduku imebeba nini?"

Nikasogea kuchungulia. Alitoa chupa ya asali. Alitoa chupa ya siki, na kibiriti, na mshumaa nusu, na sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kipande cha kizibo. Alitoa kifuko cha unga wa manjano. Bendeji ya dukani haikuwemo hata moja. Mahali pake palikuwa na vipande vya leso kuukuu ya kujitanda, vimechemshwa, vimekunjwa vizuri, vimefungwa mafungu mafungu kwa uzi.

Kwa kuwa nilijua mke wangu anavyofanya kazi, nilimweleza. Asali ni ya walioungua. Siki ni ya waliochomwa na yavuyavu baharini. Sindano huchomwa kwa moto, kisha mwiba hutolewa nayo. Alisikiliza kila neno. Mwenzake naye akaja kusikiliza. Kisha yule mkaguzi akafungua fungu la vipande vya leso, akaona vina maandishi yaliyokatwa katikati, akaanza kuvipanga juu ya boneti apate kusoma leso ilikuwa ikisema nini. Mwenzake akamsaidia. Madereva waliokuwa nyuma yangu wakapiga honi. Walivigeuza vile vipande huku na huku, mwanzo wa maneno wakaupata, mwisho hawakuuona, na mimi nikiwa nimesimama pale nataka ardhi inimeze.

"Hii kazi ni nzuri," akasema alipokwisha kuvikunja, tena alivikunja vizuri kama alivyovikuta. "Lakini hapa mimi naangalia ile imeandikwa. Bendeji, plasta, glavu, mkasi, dawa ya kusafisha vidonda. Zikiwa kwa pakiti zake. Rudi Alhamisi, saa nane mchana."

Hivyo ndivyo nilivyoanguka. Alhamisi ilikuwa siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Hasira yangu ina tabia mbaya, huwa haingoji kuulizwa. Nilimwambia mke wangu amenivua nguo mbele ya serikali, nikaliinua sanduku nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikayamwaga yote kwenye shimo la taka: asali, manjano, leso, vyote. Yeye alisimama mlangoni akanitazama. Kesho yake alfajiri alipata habari kwamba dada yake kule Vanga amejifungua, akafunga mzigo akaenda, na nilijua kwamba hata dada asingejifungua angeenda vilevile.

Nikanunua vitu vipya, kila kilichotajwa kwenye orodha. Nikavipanga ndani ya sanduku kwa utulivu, pakiti juu ya pakiti. Kisha, ili nisije nikaaibika tena, nikalizungushia utepe mpana wa kufungia maboksi, mara tatu, nikalisukuma chini ya kiti. Mtaani nikatangaza kwa kila niliyekutana naye kwamba sanduku la gari sasa ni la kazi. Walinijibu vizuri. Watu wetu hawabishani na mtu anayetafuta riziki.

Alhamisi maji yalikupwa asubuhi, ya bamvua, yale yanayokauka mpaka mbali. Karibu saa tano nilikuwa nimeshavaa shati jeupe, gari linaunguruma, mafaili yako kiti cha mbele. Nikaingia ndani kuchukua miwani. Nilipotoka, nilimkuta jirani yangu ameketi kwenye kidaraja cha gari.

Ni mama mtu mzima, mtafutaji pweza wa siku nyingi, nyumba yake ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa bado ana kijiti chake na pweza mmoja juu yake. Mguu wa kulia ameuinua na kuushika kwa mikono miwili. Unyayo ulikuwa umepasuka kutoka kisigino hadi katikati, na damu ilikuwa ikitiririka kwenye kidaraja nilichokisugua kwa sabuni saa moja iliyopita.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yuko?" Alikuwa akimuulizia mke wangu.

"Yuko Vanga."

"Basi nitilie chochote wewe, nishike njia."

Niliona sanduku chini ya kiti, utepe wake unang'aa. Niliona lango la hoteli limefungwa. Nikawaona watoto wangu wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Haya yote niliyaona kwa muda mfupi sana, na ulimi wangu ukatangulia.

"Mama, sanduku limefungwa. Ndiyo naenda kukaguliwa sasa hivi. Likifunguliwa nitaanguka tena."

Alinitazama, kisha akatazama chini ya kiti. "Haya, baba," akasema. Akavua leso moja aliyojitanda, akaufunga mguu yeye mwenyewe, akasimama kwa mguu mmoja akiegemea mlango wa gari. Nilimpigia simu mtu wa bodaboda aje ampeleke hospitali, na nikajiambia kwamba hilo si dogo. Alipoondoka nilichukua kitambaa nikaifuta damu kwenye kidaraja, nikafuta na mahali aliposhika mlango. Ndipo nikapanda nikaenda.

Njia nzima mpaka Likoni nilikuwa na swali moja ambalo sikutaka kulisikia, nikawasha redio.

Mkaguzi alikuwa yuleyule, na alinikumbuka. "Mzee wa leso," akasema, akacheka kidogo. Akalichukua sanduku, akauona ule utepe, akautazama kwa mshangao. Akatoa kisu kidogo mfukoni akaukata. Alihesabu vilivyomo, akatia alama. Kisha akachukua cheti changu cha mafunzo.

"Hapa huwa nauliza swali moja tu, nijue kama mtu alihudhuria au alinunua karatasi. Abiria amekatwa mguu, anatoka damu mingi. Wewe unafanya nini ya kwanza?"

Nilijibu bila kufikiri, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu ule ukumbi wa Ukunda. "Namlaza, nauinua mguu juu ya kiwango cha moyo, naubana pale panapotoka damu kwa kitambaa safi. Kitambaa chochote safi. Kama hakuna, kwa mkono wangu."

"Na bendeji?"

"Bendeji baadaye. Kwanza kubana."

"Sawa kabisa," akasema, akatia alama.

Nilibaki nimesimama. Mikono yangu nilikuwa nayo pale nyumbani, miwili, tena safi. Shati lilikuwepo. Kitambaa nilichofutia damu kilikuwepo, nilikipata haraka sana kwa ajili ya kidaraja. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa mtu anayetoka damu, na nilichokilinda ni sanduku. Niliona haya, haya ya kuchoma masikio.

Ndipo nikauliza lile swali, japo lilikuwa limechelewa. "Madam, kama leo njiani ningekuta mtu ameumia, nikatumia bendeji moja, ungenifelisha?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Ukitumia, unanunua ingine. Duka la dawa si hilo hapo ng'ambo ya geti? Hata saa hii ningekungoja." Akaushika ule utepe uliokatwa. "Kwani nani alikuambia uifunge?"

Hakuna aliyeniambia. Nimewachosha makarani kwa maswali ya mtungi na laifseva, nimewacheleweshea chai wenzangu wa Ukunda, na swali hilo moja sikumuuliza mtu yeyote.

Leseni niliipata siku ileile jioni kwa simu, nikaichapisha Ukunda, nikaipeleka hotelini kabla mwezi haujaisha. Msimamizi alinipa mkono. Askari wa lango akanipigia saluti ya utani. Furaha niliyoitarajia niliingoja, haikuja.

Mke wangu alirudi Jumapili. Habari alikuwa nazo tayari, sijui alizipata wapi, maana barabara ya Vanga ni mbaya lakini maneno hayahitaji barabara. Nilingoja aniseme. Alivua viatu, akanywa maji, akaniuliza kama nimekwenda kumjulia hali jirani. Nikasema bado. Akasema, "Sasa unangoja nini?"

Nilikwenda alasiri. Nilimkuta ameketi barazani, mguu umefungwa, umewekwa juu ya kigoda. Hospitali walimshona. Alikuwa akiwapa kuku makombo. Bahari ilikuwa wazi mbele yake, na maji ya bamvua, yale mazuri ya pweza, yalikuwa yakimpita siku baada ya siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Niliketi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani, yote, ya kuomba radhi. Lakini alinitangulia.

"Uniwie radhi," akasema. "Siku ile nilikuchelewesha safari yako, tena nikakuchafulia gari. Nilifika nyumbani nikamwambia mkwe wangu, nimemfanyia mwenzetu jambo baya."

Akawatupia kuku makombo yaliyobaki.

"Je, walikupa?" akauliza.

"Walinipa, mama."

"Alhamdulillahi." Alipiga makofi mara moja, uso ukamkunjuka, akamwita mkwewe jikoni aje asikie. Mkwewe alipotokea, mikono imejaa unga, yule mama akamwambia kwa furaha ambayo haikuwa na hila hata chembe kwamba jirani yetu amefaulu, amepewa karatasi yake, na hata lile sanduku lake walilikuta zima, halijaguswa.